Picha mbili kwa kila bidhaa

Nauza vitenge mtandaoni nikiwa Kilosa. Mteja wa mbali hashiki kitambaa, anaamini picha tu. Rangi ikidanganya, mzigo unarudi na nauli ya basi inakula faida.

Wapiga picha za wanyama pale Mikumi huwahi asubuhi, maana jua likiwa chini mwanga ni laini. Saa 6 mchana jua liko utosini, vivuli vinakuwa vikali.

Nawe piga ya kuvutia saa 1 asubuhi au saa 11 jioni, mtu akiwa amekivaa. Ila jua hilo lina umanjano. Ya rangi halisi piga mchana ndani, karibu na mlango, taa na flashi zimezimwa, manila nyeupe upande wenye giza. Posti zote mbili.