Viungo si Pilipili

Wageni wengi wanaotembezwa kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, huku Unguja, hudhani chakula chetu ni kikali, na wengine husema viungo hutiwa kufunika uvundo wa nyama. Yote mawili ni uzushi. Pilau ya kwetu haipikwi na pilipili. Anayeitaka huikuta pembeni, pamoja na kachumbari. Na hakuna kiungo kinachookoa nyama iliyooza. Mpishi wetu huanza na nyama nzuri.

Pilau ina utaratibu wake. Uzile huchambuliwa kwanza kwenye ungo, vijiti na mchanga vitoke. Kitunguu hukaangwa mpaka kikolee rangi ya kahawia, kwa sababu rangi ya pilau hutoka hapo. Ndipo huingia thomu na tangawizi zilizotwangwa, kisha nyama, kisha uzile, pilipili manga, iliki na mdalasini. Karafuu, ambayo tangu enzi za Seyyid Said imesafirishwa kwa magunia, jikoni hutakiwa chembe chache tu. Ikizidi, sufuria nzima huwa chungu. Mchele ukishakunywa maji, hupaliwa makaa juu ya mfuniko, na majirani wote wakajua kuna shughuli.

Viungo vilikuwa pia haki ya mzazi. Katika siku zake arubaini alipikiwa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku uliokolea, apate joto na nguvu. Bibi au shangazi ndiye aliyepima kwa kiganja, na binti aliyekaa karibu na kinu akaushika ujuzi huo bila kuambiwa.  

Sasa pakiti moja ya unga wa viungo imeingia kila jikoni. Mchuzi wa samaki, wa kuku na wa nyama, yote ina ladha ile ile, ilhali samaki anataka ndimu, manjano na tui, na nyama inataka mdalasini. Iliki iliyosagwa ikakaa dukani imekwisha harufu kabla haijafika nyumbani. Najua wanawake wengi hurudi kazini jua limeshazama, na sina lawama kwao. Ila punje za iliki hutwangwa kwa dakika chache, na pakiti haimfundishi mtoto kipimo wala mpangilio. Bibi zetu hawakuandika mapishi yao. Wakiondoka bila mrithi, yamekwenda nao.

Basi Ijumaa ijayo nunua uzile mzima sokoni Darajani, toa kinu uvunguni, uwaite watoto wako, wa kike na wa kiume, watwange wenyewe. Na kama mama yako yu hai, mwombe apike nawe ukiwa hapo hapo, umuulize kila anachotia na kwa nini.