Fahamu: Vuta N'kuvute, mke aliyemkimbia tajiri

Filamu nyingi za mapenzi na pesa humfuata msichana anayemkimbilia tajiri. Vuta N'kuvute inamfuata anayemkimbia.

Hadithi inatoka kwenye riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa umri wa babake. Kitabuni anachukuliwa hadi Mombasa, akashindwa kuvumilia, akarudi Unguja peke yake. Jamaa zake wakamfungia mlango. Aliyempokea ni Mwajuma, shoga yake wa mtaa wa Ng'ambo, mpenda taarabu, mwenye chumba kidogo na moyo mkubwa. Hapo ndipo anapokutana na Denge, kijana anayesakwa na polisi wa mkoloni kwa siasa zake.

Mwongozaji Amil Shivji aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu kupitia kampuni yake ndogo ya Kijiweni, kwa Kiswahili, na Siti Amina akaigiza Mwajuma. Ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto Septemba 2021. Mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la Carthage, Tunisia, na Tanzania ikaipeleka Oscar, mara ya kwanza tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001.

Wapo watakaoliita penzi la Yasmin na Denge uhuni. Mimi naona dhuluma ilianza siku alipoozwa bila kuulizwa. Itazame, kisha kisome kitabu: Mwajuma wa Shafi hapaswi kukupita.