Wafungwa watoro ndani ya joho la upadri

FILAMU ya We're No Angels, iliyotolewa mwaka wa 1989 chini ya uelekezi wa Neil Jordan wa Ireland, huwekwa katika fungu la vichekesho. Hata hivyo, imebeba swali zito: je, vazi la uongo laweza kumgeuza aliyelivaa?

Mwaka ni 1935. Ned (Robert De Niro) na Jim (Sean Penn) wanakokotwa katika utoro wa Bobby, muuaji aliyehukumiwa kifo, hadi mji mdogo mpakani mwa Marekani na Kanada. Uhuru uko ng'ambo ya daraja, nalo lina ulinzi mkali. Kumbe monasteri ya mji huo inawatarajia makasisi wawili wasomi, na wageni hawa wanadhaniwa kuwa ndio.

Hapo ndipo unapoonekana ustadi wa David Mamet, aliyeandika mswada. Watoro hawa hawalazimiki kudanganya sana. Jibu lolote la ovyo hupokewa kama fumbo la hekima, kwa kuwa msikilizaji amekwisha kuamua anazungumza na nani. Lakini joho linalowaficha ndilo linalowafunga, kwani kasisi hajiendei atakako. Hata maandamano ya sanamu ya Bikira Maria, yatakayovuka daraja, yanamtaka Ned aandamane na mhitaji. Anamlenga binti bubu wa Molly (Demi Moore), mama anayeuza mwili ili wapate riziki.

De Niro, kwa maoni yangu, anakunja uso kupita kiasi. Penn ndiye anayeibeba kazi hii, hasa Jim anapotakiwa kuhubiri ghafla. Anaanza kwa maneno ya karatasi ya tangazo la bastola, kisha anaiacha na kusema kwa uchungu juu ya upweke na haja ya mtu kuamini kitu. Waumini wananyamaza. Hakuna anayecheka, hata mtazamaji.

Msomaji asiichanganye na filamu ya mwaka 1955 yenye jina lilo hilo, aliyoigiza Humphrey Bogart. Ile ina wafungwa watoro watatu, lakini si makasisi. Iliyo karibu zaidi ni The Pilgrim ya Charlie Chaplin (1923), ambamo mtoro hudhaniwa kuwa mchungaji na kuhubiri kwa ishara kisa cha Daudi na Goliathi. Mtoro wa Chaplin hana nafasi ya kubaki kanisani.

Jim anayo. Ned anavuka pamoja na Molly na bintiye. Mwenzake anarejea monasterini, safari hii kwa hiari yake.