Mimea ya Kufunika Udongo Ambayo Pongo Hawaipendi

Mkulima ye yote wa skimu ya makazi aliyepakana na msitu wa Nyandarua au wa Mlima Kenya analijua jambo hili. Jioni ukingo ulio juu ya nyumba umefunikwa vizuri na majani ya viazi vitamu. Asubuhi unakuta vikonyo vitupu. Mama mmoja jirani yangu alipanda ukingo wake mara mbili, na mara mbili ukaliwa. Mvua za Aprili zilipokuja, udongo ulikuwa wazi, ukateremka wote mpaka mlangoni pa jikoni. Hasara yake basi haikuwa majani tu, bali ule udongo mweusi wa juu, ambao haurudi upesi.

Uzio wa umeme wa Nyandarua, uliomalizika mwaka 2009 na wenye urefu wa kilomita 400 hivi, umesaidia sana kuwazuia ndovu na nyati. Lakini pongo hukaa hata nje ya uzio, katika vichaka vya kandokando ya mito, naye hutembea usiku. Kumtega hairuhusiwi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Kwa hiyo yafaa tumshinde kwa kuchagua mimea.

Kwanza mjue mwizi wako. Pongo na paa wadogo wa vichakani hawana meno ya mbele ya juu. Huvuta jani mpaka likakatika, na kikonyo hubaki kimechanika. Sungura hukata kwa meno makali, na kikonyo hubaki kama kilichokatwa kwa kisu, kwa mshazari. Tazama pia nyayo penye udongo laini. Jambo hili si dogo, kwa sababu wanyama hawa hawali chakula kimoja. Pongo hupenda majani mapana, machipukizi na maua, wala hali nyasi nyingi. Tohe na kuro ndio walaji wa nyasi. Basi mwenye taabu ya pongo peke yake aweza kufunika ukingo wake kwa nyasi ya kikuyu na asipate hasara kubwa. Ila aichunge isiingie shambani, maana kuing'oa ni kazi ya jembe na jasho jingi.

Kwa wale wasiotaka nyasi karibu na mboga, chagueni mimea yenye harufu kali au uchungu. Mnyama huonja kwa pua kabla ya kuonja kwa ulimi. Rozmari ya aina ile inayotambaa ni nzuri sana kwa ukingo mkavu wenye jua. Kata vijiti vya urefu wa inchi 5 hivi, ondoa majani ya nusu ya chini, uvichomeke kitaluni penye kivuli na unyevu mpaka viote mizizi, kisha uvihamishe wakati mvua inapoanza, futi 2 kati ya shina na shina. Haivumilii maji yaliyosimama. Wenzetu wa Kinangop, ambako udongo wa mfinyanzi huyashika maji, lazima wainue tuta kwanza. Taimu hupandwa vivyo hivyo, lakini kwa kukaribiana zaidi, futi 1 yatosha.

Mahali penye unyevu, kama karibu na bomba, pandeni mnanaa. Hutambaa upesi, hata kupita kiasi. Mimi niliuzuia kwa mtaro mdogo baada ya kuukuta katikati ya vitunguu. Tena kuna ule mmea mfupi wa nyanda za juu ambao Wakikuyu huuita wanjiru wa rurii. Wazee wameutumia tangu zamani kama dawa ya malaria, na mwenye kuutafuna mara moja atajua kwa nini twautaja hapa. Haununuliwi, huota wenyewe malishoni.

Lakini angalieni sana lantana. Watu huisifu kwa kuwa wanyama huiacha, na maua yake yapendeza. Ng'ombe mwenye njaa akiila huugua ini, macho na ufizi huwa manjano, na ngozi yake huungua juani mpaka ikabanduka. Ndege nao hueneza mbegu zake hata mashamba ya jirani. Mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa asiuze maziwa yake kwa maua. Kwa mmea wo wote mgeni, mwulize kwanza Afisa wa Kilimo kama una sumu kwa mifugo. Wako wanaosema, mjaribu mbuzi. Sikubali. Mbuzi hula machungu mengi ambayo wengine huyakataa, na huenda ukampoteza mbuzi wako kwa jaribio.

Jaribio lililo bora ni kupanda mashina matatu ya kila aina mahali pongo apitapo, na kuyaacha mwezi mzima kabla ya kupanda ukingo wote. Miche michanga hung'olewa hata kama hailiwi, kwa hiyo ifunike kwa matawi ya miiba mpaka ishike ardhi. Nanyi msitazamie kwamba kuna mmea usioguswa kabisa. Januari na Februari, vichaka vinapokauka, pongo mwenye njaa huonja hata rozmari. Tofauti ni kwamba huonja na kuondoka, na shina huchipuka tena.

Jirani yangu amepanda rozmari juu na mnanaa chini penye bomba. Viazi vitamu amevihamishia upande wa mbwa.