Haraka za Horohoro: saikolojia inasema nini kuhusu kumpenda jirani?

Ukitoka Tanga mjini kwenda Mombasa, baada ya kama kilomita 65 unafika Horohoro, wilayani Mkinga, na hapo kila mtu anashuka garini. Unashika hati yako ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano, unapanga foleni, unabadilisha pesa kidogo, unapanda tena. Upande wa pili ni Lunga Lunga, Kenya. Wadigo wako pande zote mbili, shangazi huku, mjomba kule.

Mara ya mwisho nilipopita, mama mmoja alikuwa amekaa chini karibu na ukuta, mtoto mapajani anatetemeka kwa homa. Aliniuliza zahanati iko wapi. Kondakta alikuwa anapiga makofi: "Twende, twende, gari inaondoka!" Nilimwonyesha kwa kidole upande niliodhani ndio wenyewe, nikaongeza mwendo. Begani nilikuwa na mkoba wenye dodoso za utafiti wangu kuhusu furaha na kusaidiana. Na gari, bwana, lilikaa pale dakika 40 nyingine.

Tangu siku ile nimerudi mara kadhaa kwenye utafiti mmoja wa zamani ambao darasani niliupita juu juu. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton, Marekani. Hawa ni watu waliokuwa wakisomea kazi ya Mungu. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la jirani akatoe hotuba fupi. Nusu yao hotuba ilihusu ajira za wahitimu wa seminari. Nusu nyingine ilihusu mfano wa Msamaria Mwema, ule wa Luka sura ya 10, ambapo mtu amepigwa na wanyang'anyi njiani, kuhani anapita, Mlawi anapita, na anayesimama ni Msamaria, mtu wa kabila ambalo Wayahudi walilidharau.

Njiani watafiti walikuwa wamemweka mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugugumia. Baadhi ya wanafunzi waliambiwa wamechelewa, wakimbie. Wengine waliambiwa waende tu, muda umefika. Wengine waliambiwa bado kuna nafasi. Matokeo: wasio na haraka, asilimia 63 walitoa msaada wa namna fulani. Wenye haraka ya wastani, asilimia 45. Wenye haraka kubwa, asilimia 10. Wapo waliokuwa wakienda kuhubiri Msamaria Mwema wakamruka mgonjwa.

Hapa wengi husimulia kwamba kulifikiria neno la Mungu hakukusaidia chochote. Mimi naona tunakwenda haraka mno (tena!). Waliopewa hotuba ya Msamaria walisaidia kwa asilimia 53, wale wa ajira asilimia 29. Kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuthibitishwa, lakini watu 40 ni wachache sana, na mwaka 1975 Anthony Greenwald aliipitia upya data hiyo akaonyesha kwamba haiwezi kutumika kusema mfano ule hauna nguvu. Kilichobaki imara ni haraka. Wanafunzi wale hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa na mtu anayewasubiri kule mbele, na huku nyuma kuna mtu anayeugua, wakashindwa kuwatumikia wote wawili.

Sasa saikolojia chanya inaingia wapi? Tawi hili lilipata jina na nguvu baada ya Martin Seligman kuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1998. Linauliza ni nini kinachofanya maisha yawe mazuri, badala ya kuuliza magonjwa ya akili tu. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake waliwapa watu dola 5 au 20 wazitumie kabla ya jioni. Waliotakiwa kuzitumia kwa ajili ya wengine waliripoti furaha kubwa kuliko waliojinunulia vitu vyao, na kiasi cha pesa hakikubadili jambo. Unaweza kusema hayo ni ya walioshiba. Ndiyo maana mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake walilinganisha Kanada na Uganda. Wakanada walikumbuka zaidi zawadi za aina ya birthday, Waganda walikumbuka mambo mazito zaidi, kama kumlipia matibabu mtoto wa rafiki aliyeugua malaria. Pamoja na hayo, pande zote mbili kukumbuka pesa uliyotumia kwa mwingine kulileta furaha kuliko kukumbuka uliyoitumia mwenyewe.

Lakini kama kumsaidia jirani kunanifurahisha, je, nampenda yeye au naipenda furaha yangu? Swali hilo Batson, yuleyule wa Princeton, alilifuatilia kwa miaka mingi. Katika jaribio la mwaka 1981, watu walimtazama mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme (alikuwa anaigiza). Wengine waliruhusiwa kuondoka mapema, wengine walijua watalazimika kutazama hadi mwisho. Kama tunasaidia ili tu kujiondolea uchungu wa kutazama, mwenye mlango wazi angeondoka. Waliokuwa na huruma ndogo waliondoka kweli. Waliokuwa na huruma kubwa, wengi walijitolea kukaa mahali pake ingawa mlango ulikuwa wazi.

Mwanasheria wa Luka alitaka aambiwe jirani anaishia wapi, kama mtu anayetafuta jiwe la mpaka. Alijibiwa kwa hadithi ya aliyesimama. Mimi dodoso zangu zilimpima mtoaji peke yake, jinsi anavyojisikia kuanzia 1 hadi 7. Hakuna hata swali moja kuhusu aliyelala chini. Nimelalamika kwa msimamizi wangu, tunalirekebisha.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa njia ileile. Nikamuuliza kijana mmoja mbadilisha fedha kama anamkumbuka yule mama. Anamkumbuka. Bodaboda wa Lunga Lunga aliyekuwa akisubiri abiria alimbeba na mtoto hadi zahanati, akakaa nao mpaka walipohudumiwa, kichwa chake cha mchana kikampotea. Kijana akanitazama.

"Kwani wewe, kaka, ulikuwepo?"