Tangi Linapovuja Njiani: Chanzo Hutafutwaje

Bomba la mafuta linaloanzia Mombasa lilifika Eldoret mwaka 1994. Malori ya tangi hupakia petroli na dizeli katika bohari ya hapo, kisha hushika barabara ya Malaba kuelekea Uganda. Tangi likivuja, watu huokolewa kwanza, ndipo chanzo kitafutwe.

Wachunguzi hukaribia lori wakiwa upande unaotoka upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, hujaa mitaroni, na cheche moja huulipua. Huko Sachang'wan karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya petroli iliyomwagika kulipuka, wengi wao wakiwa wamekwenda kuichota.

Bango la rangi ya chungwa husomwa kwa mbali. 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Namba 33 juu yake huonya kwamba shehena hushika moto upesi sana. Herufi X hukataza kuimwagia maji.

Hatari ikipungua, tangi hukaguliwa kuanzia juu: vifuniko na mipira yake, mishono ya kuchomelea, viungo vya mabomba, hadi vali za chini. Namba za sili hulinganishwa na karatasi za shehena, kwani sili iliyokatwa huweza kuashiria wizi. Kiasi kilichopakiwa nacho hupimwa. Eldoret, iliyo takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ina baridi kuliko Malaba. Petroli lita 36,000 ikipata joto la nyuzi 10 zaidi, huongezeka kwa zaidi ya lita 300. Chumba cha tangi kilichojazwa pomoni hakina pa kuziweka.

Sampuli huchukuliwa kabla barabara haijaoshwa. Chupa ya kioo hujazwa maji ya mtaro hadi mdomoni ili mvuke usipotee, hufungwa, na huandikwa mahali na saa. Mtoni, maji ya juu ya eneo la uvujaji hulinganishwa na ya chini yake.

Mkemia wa Serikali huweza kuzipima sampuli hizo, na majibu yakawa ushahidi. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, aliyemwaga kemikali hatari hubeba gharama ya kuiondoa.