"Gitaa Langu la Kwanza": Kimilikishi na Historia katika Masimulizi ya Wanamuziki

Katika masimulizi ya maisha ya wapiga gitaa wa Afrika, kisa kimoja hujirudia mara kwa mara. Mtoto huliona gitaa mikononi mwa mtu mzima, hujitengenezea lake kwa kopo, ubao na waya, wazee humkataza, mwishowe hupata gitaa la dukani. Kwa sababu ya kufanana huku, baadhi ya wakusanyaji hukichukulia kisa hicho kuwa pambo tu la utangulizi, wakaharakisha kuuliza habari za nyimbo na tarehe za kurekodiwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba kisa hicho kina thamani kubwa ya kihistoria, na kwamba aghalabu thamani hiyo hupotea kwa sababu ya swali lenyewe linaloulizwa: "Gitaa lako la kwanza ulilipata lini?"

Hapana budi kuanza na kimilikishi. Katika Kiswahili, *-angu* haionyeshi mali peke yake, bali huonyesha uhusiano wowote ulio karibu. Mtu husema "shule yangu" bila ya kuwa na hati ya kiwanja, na "mwalimu wangu" bila ya kummiliki mwalimu. Kadhalika, mpigaji wa bendi ya jeshi aliyetumia chombo cha kikosi chake aweza kusema "gitaa langu" bila ya kudanganya. Neno hilo humwambia msikilizaji kwamba mikono ya msimulizi ilikizoea chombo hicho. Halimwambii nani alikilipia.

Utata huo huzidi katika vitenzi. Kiswahili hakina kitenzi maalumu cha kumiliki katika usemi wa kila siku. Hutumia *kuwa na*, ambayo kwa asili yake ni kuwa pamoja na kitu. Anayesema "wakati huo nilikuwa na gitaa" huenda alilinunua, huenda alikuwa amelishika kwa siku hizo tu. Kitenzi *kuazima* nacho hutumika pande zote mbili: "niliazima gitaa kwa jirani" na "jirani aliniazima gitaa" ni tukio moja. Tena kikitiwa kiambishi cha kutendana, "tulikuwa tukiazimana gitaa", huleta habari nyingine kabisa, yaani chombo kimoja kilichozunguka mikononi mwa vijana kadhaa. Mfasiri akiandika kwamba msimulizi "aliazima" tu, mzunguko huo umefutika, na pamoja nao umefutika mtaa mzima wa wanafunzi.

Ukubwa wa hasara hiyo waweza kupimwa kwa maisha ya Ali Farka Touré wa Mali (1939–2006). Ijapokuwa yeye hakuwa msemaji wa Kiswahili, habari zake zinajulikana vyema kiasi cha kutosha kuwa kipimo. Kwanza alipiga gurkel, chombo cha kienyeji chenye uzi mmoja. Mwaka 1956 alimwona Fodéba Keïta wa Guinea, akaazimia kuwa mpiga gitaa, akaanza kujifunza kwa magitaa ya kuazima. Gitaa lake mwenyewe alilinunua Sofia, nchini Bulgaria, mwaka 1968. Je, gitaa lake la kwanza ni lipi? Anayejibu 1968 ametaja mali, lakini amefuta miaka 12 ya uanafunzi. Anayejibu 1956 ametaja ufundi, lakini ameficha kwamba kijana huyo alitegemea vyombo vya watu. Na anayetaka kujua vidole vyake vilifunzwa na nini hana budi kurudi nyuma hadi kwenye gurkel.

Mfano wa pili ni wa Kongo. Franco Luambo (1938–1989) alijitengenezea gitaa utotoni kwa kopo na nyuzi za waya wa umeme uliochunwa, akalipiga sokoni Léopoldville, ambako mama yake aliuza mandazi. Kisha alijifunza kwa gitaa halisi la Paul Ebengo, aliyejulikana kwa jina la Dewayon. Na mwaka 1953 aliingia katika studio ya Loningisa, akiwa bado kijana mdogo. Kopo hilo ndilo hupendwa na waandishi, kwa kuwa huonyesha umaskini na kipaji kwa pamoja. Hata hivyo, kwa mwanahistoria, kiungo muhimu zaidi ni Dewayon. Makopo hufanana kila mahali kwa sababu vifaa vya umaskini hufanana. Mwenye gitaa halisi ndiye hutofautiana, naye ndiye huonyesha mtindo ulipita mkononi mwa nani ukamfikia nani.

Neno "kwanza" nalo lahitaji kuchunguzwa. Kiswahili husema *kupiga* gitaa kama kisemavyo kupiga ngoma, zeze na zumari. Kitenzi hakitengi chombo kigeni na cha kienyeji. Wala vidole havitengi. Katika benga, sauti za gitaa zimehusishwa mara nyingi na nyatiti ya Waluo, chombo chenye nyuzi nane. Na miongoni mwa Waluhya, omutibo wa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, ulitegemea kidole gumba na cha shahada. Yamkini msimulizi aliyekulia penye nyatiti au litungu ataanza kisa chake hapo. Mkusanyaji akimkatiza ili arudi kwenye gitaa, atakuwa ameikata historia katika mzizi wake.

Kwa hiyo yafaa swali moja ligawanywe kuwa manne: Ni gitaa gani uliloliona kwanza, na lilikuwa la nani? Ni lipi ulilotengeneza, na uliliitaje? Ni lipi ulilojifunzia, na nani alikuazima? Ni lipi ulilonunua au kupewa, na kwa fedha za nani? Majibu yaandikwe kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, maana aliyeliita kopo lake "gitaa" na aliyeliita "kigitaa" hawakulithamini sawasawa.

Kazi hii haivumilii kuahirishwa. Wengi wa kizazi kilichoanza kupiga gitaa katika miaka ya 1940 na 1950 wamekwisha kufariki, akiwamo Fundi Konde (1924–2000). Majina ya walionunua magitaa yamehifadhiwa katika lebo za sahani za santuri, kwa kuwa wengi wao ndio waliorekodi. Majina ya walioazima hayakuandikwa popote. Yamebaki katika vinywa vya wachache walio hai, na katika kanda za zamani ambazo zikisikilizwa upya kwa makini, vitenzi vyake vitakuwa na mengi ya kueleza.